Santuri Iliyokimbizwa

Karakana ya Redio,
Mlango wa nyuma, duka la vioo,
Jumapili, 9 Machi, saa tatu asubuhi.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea kwanza salamu, maana hizo ni za upendo. Maneno yanayofuata sina hakika nayo. Mgongo unaendeleaje? Uliandika kwamba pale ghalani wamekuhamishia kwenye kupokea mizigo badala ya kuibeba, nikashukuru, ingawa nakujua: ukimwona mtu anabeba vibaya utamnyang'anya ubebe mwenyewe. Wifi yangu hajambo? Kile kifua chake kimepona? Na binti yetu, ambaye kwa picha mliyotuma amekupita mabega na bado anavaa viatu vyako, naye hajambo?

Sisi huku tu wazima, tukiondoa uzee. Mama masikio yamezidi kuziba, ila hufunguka ukianza kumsengenya. Shemeji yako yupo. Nikisema yupo nimemaliza habari zake zote. Anarudi kazini, anakaa kwenye kiti chake, anaulizwa chakula kikoje, anajibu kizuri, hata siku ambayo hakijaiva.

Najua barua yako imekaa kwangu miezi mitatu bila jibu. Ilikuwa ya nusu ukurasa, kwa mwandiko wa mtu anayeandika amesimama, na ilikuwa na swali moja tu. Binti anataka gita. Mwalimu wake wa muziki amesema ana sikio zuri. Wewe hujui kama umnunulie, au umwambie mapema kwamba kwetu hakuna vidole vya kazi hiyo, asije akapoteza miaka kama ulivyopoteza wewe. Ukamalizia kwamba mimi ndiye ninayejua muziki katika familia hii, niseme neno moja nawe utalifuata.

Neno hilo nitalisema. Nimelianza mara nne na kurasa zote nne nimewashia jiko. Kwa hiyo leo naanzia mbali nikufikie polepole, na ukiona nazunguka sana, ujue naogopa.

Nimejiunga na kundi la wapenzi wa sinema za kale na muziki wa roki. Usicheke. Tunakutana kila Jumamosi saa kumi alasiri katika chumba kilicho juu ya duka la rangi, na kwa sababu ya ile harufu kila mtu hutoka pale macho mekundu, hata wasiotujua hudhani tumelia kwa uzuri wa sanaa. Pazia la kuonyeshea ni shuka la kitanda lenye mkunjo katikati ambao hakuna aliyewahi kuupiga pasi. Kila mwigizaji anayevuka chumba huvunjika pua katikati ya safari na kupona upande wa pili.

Mwenyekiti wetu alistaafu ofisi ya bima. Miaka thelathini alikuwa akiwaeleza watu kwa nini hawatalipwa, na sasa hutueleza sisi kwa nini filamu mbaya ni nzuri. Kazi ni ileile, kiti tu ndicho kimebadilika.

Mwezi uliopita alituletea kile alichokiita hazina. Zimwi linatoka ziwani na kula watalii. Zimwi lenyewe lina zipu mgongoni, tena si zipu ya kubahatisha, ni ndefu na inang'aa, na kuna mahali imekamata fulana ya mtu aliyemo ndani. Mimi nikacheka. Mwenyekiti akafunga macho, kama afanyavyo akitaka tuone kwamba anafikiri, akasema zipu ile ni upweke wa mwanadamu. Watu kumi na wawili wakatikisa vichwa kukubali. Debe tupu haliachi kuvuma, na hili limepangiwa viti mbele.

Wiki iliyofuata ikawa ya mpelelezi. Bwana yule amepigwa risasi tatu za kifua. Akaomba sigara, akaivuta yote, akaeleza nani kamuua na kwa nini, akamsamehe mkewe, akamkumbusha kufunga dirisha, ndipo akafa, na nywele zake hazijavurugika hata unywele mmoja. Nilimuuliza Mwenyekiti kama ofisi yake ya bima ingemlipa mjane wa mtu aliyechukua muda mrefu hivyo kufa. Hakupendezwa.

Upande wa roki ndio usiseme. Yuko daktari wa meno ambaye siku za kazi ni mtu mwenye heshima zake, lakini Jumamosi huvaa jaketi la ngozi lililombana hata hawezi kuinua kikombe. Alituletea santuri ya bendi ya watu wanne waliojipaka chokaa usoni. Upande mzima wa kwanza ni mpiga ngoma peke yake, dakika kumi na nane. Dakika ya tatu nilidhani anapasha mikono joto. Dakika ya tisa nilianza kuihurumia ngoma. Dakika ya kumi na tano wenzake wanasikika kwa mbali wakizungumza, nadhani walikuwa wakiulizana nani ana ufunguo wa mlango. Na mwimbaji, alipopata zamu yake, alilia kama mtu aliyebanwa kidole na droo, wala hakuna aliyekwenda kumtoa.

Si kwamba kila nilichokipata ni takataka. Nimempata mpiga besi mmoja, mwanamke, ambaye katika wimbo mzima anapiga noti nne tu, na huwezi kuondoa hata moja wimbo ukabaki umesimama. Nimemsikiliza siku nne mfululizo huku nikilehemu. Kule kwenye kundi hakuna aliyemtaka, walisema muziki wake mwepesi. Nikawaambia hata hewa ni nyepesi, waache kuivuta tuone. Tangu siku hiyo wananiita Bibi Sumu, nami sijalikataa jina.

Unaona kwamba sijabadilika. Tangu utotoni mimi ni mtu wa kudharau, na wewe wajua kuliko wote, maana uliishi karibu zaidi na mdomo wangu.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe, ingawa bado liko mbali kidogo.

Wiki sita zilizopita alikuja mgeni, mzee aliyekuwa akiendesha mashine katika ukumbi wa sinema wa mjini hadi ulipofungwa na kufanywa ghala la matairi. Alibeba projekta yake mwenyewe kwenye mkokoteni, na mkanda mmoja wa filamu ya zamani kabisa, ya zile zisizo na sauti. Mimi nilikwenda nimejiandaa kucheka. Unazikumbuka filamu zile. Tulikuwa tukiziona shuleni, watu wanakimbizana, wanakula kama wanaofukuzwa, wanapeana mikono kama wanaopigana. Maisha yangu yote nimesema watu wa zama zile walikuwa vichekesho, na waliowapiga picha walikuwa vichekesho zaidi.

Mzee akawasha mashine, akakizungusha kitufe fulani huku akitazama pazia kwa jicho moja, taa zikazimwa. Mwanamke akaingia chumbani akiwa na barua mkononi. Alitembea. Nasisitiza kwamba alitembea, kama mimi na wewe. Akakaa, akaanza kuvua glavu, kidole baada ya kidole, kwa sababu hataki kuifungua ile barua, na ukamwona kabisa kwamba hataki. Nilikuwa nimeshaweka mdomo tayari kwa kucheka, nikabaki nao hivyo.

Mkanda ulipokwisha nilimfuata mzee nikamuuliza amefanya nini. Yeye anafunga nyaya zake, wala hakuniangalia.

"Sijafanya kitu, fundi," alisema. "Nimewaacha waende mwendo wao. Hawa walipigwa picha taratibu, kwa kuzungusha mkono. Zilipokuja mashine mpya, zenye mwendo mmoja tu, tukawatia humo wakawa wanakimbia. Halafu tukawacheka."

Nilikasirika, kwa sababu ambayo siku ile sikuielewa. Nikarudi nyumbani nikagombana na shemeji yako, ambaye alikuwa hajafanya lolote, kama kawaida yake.

Wiki mbili baadaye nikapita kwa muuza vitabu vikuukuu, yule wa ngazi za posta, na chini ya rundo la magazeti nikaona gurudumu la pikipiki kwenye jalada la santuri. Niliujua kabla sijauvuta. Ni ile santuri yetu, mtu ameegemea pikipiki ametupa mgongo. Ile yetu ilivunjika, nadhani shangazi aliikalia. Usiniambie huikumbuki. Upande wa pili, wimbo wa tatu, ile solo ya gita iliyokula miaka yako miwili.

Nikaenda nayo karakana, nikaiosha, nikaiweka kwenye mashine yangu bora, ile ambayo hata wateja siwaruhusu kuigusa. Ikaanza. Mdogo wangu, ulikuwa muziki wa watu waliochoka. Yule mwimbaji ambaye sote tuliapa kwamba ni kijana wa miaka ishirini, aliimba kama mtu mzima mwenye mafua. Ngoma zilikuja kwa hatua za mtu anayepanda ngazi na ndoo. Na solo ilipofika, ile iliyokuwa ikinifanya nisimame katikati ya chumba, ilikuwa ni mtu anapiga gita vizuri, basi. Vizuri tu. Nilisikia kila noti, ningeweza kuzihesabu.

Nikasema mashine yangu imechoka. Nikaifungua, nikaipima mota, nikabadilisha mpira unaozungusha sahani, nikaweka alama ya chaki ukingoni nikahesabu mizunguko kwa saa. Thelathini na tatu na theluthi kwa dakika, kama inavyotakiwa. Nikapima mara ya pili na ya tatu. Nikalaumu umeme wa mtaa. Nikamlaumu muuza vitabu kwamba ameniuzia toleo bovu. Nikawalaumu waliotengeneza santuri. Mtu aliyebaki kulaumiwa alikuwa mmoja tu, na huyo nilimruka kila nilipomfikia.

Kilichonishika ni yule mwanamke wa glavu. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai, nikakiweka chini, nikafunga karakana mchana kweupe na wateja wawili wamekaa kwenye benchi.

Nilikwenda kwa Mama. Ile gramafoni ya Baba bado iko stoo, nyuma ya cherehani, imefunikwa gunia. Unakumbuka aliinunua imeshatumika, kutoka hotelini, na baada ya miezi miwili mpira wake ulilegea ukawa unateleza, sauti inazama na kupanda. Unakumbuka nani aliyeitengeneza. Mimi, msichana wa miaka kumi na tisa, bila mwalimu wala kitabu. Mpira mpya haukupatikana, nami nikachukua tepu nyeusi ya umeme nikaizungusha kwenye kigurudumu cha mota mara nne, kigurudumu kikanenepa, mpira ukakaza. Muziki ukatoka umechangamka kuliko mwanzo. Baba akaita majirani waje wasikie. Akasema mbele yao kwamba mtoto huyu ana akili ya mashine, na mwezi uleule akanipeleka kwa fundi wa redio nikajifunze kazi. Kila nilichokula tangu wakati ule kimetokana na tepu ile.

Niliifungua juu ya meza ya Mama. Tepu ilikuwepo, imekauka, mizunguko minne, nadhifu, maana hata wakati huo mkono wangu ulikuwa nadhifu. Nikawasha, nikahesabu kwa saa. Thelathini na saba na ushei.

Huhitaji kuwa fundi. Kigurudumu kikinenepa, sahani inakimbia. Kila santuri iliyopigwa katika nyumba yetu kuanzia siku ile ilikimbizwa, na sauti ikapanda hatua nzima juu ya mahali pake. Sisi hatukuwa na mashine nyingine ya kulinganisha. Tulikua tukidhani dunia inapiga muziki hivyo.

Mimi nilipata sifa. Wewe ulipata kazi ya kumfukuza mtu ambaye hakuwepo.

Nimelipanga tena kila jambo, na kila jambo linaingia mahali pake. Ule uzi mwembamba wa gita lako uliokuwa ukikatika kila wiki, hata Baba akakuita mharibifu: ulikuwa unaukaza kupita uwezo wake ili ulingane na santuri, na ulikuwa sahihi, ulilingana nayo barabara. Siku uliyokwenda kupiga na vijana wa gereji wakasema gita lako limepotoka, halilingani na la mtu yeyote: lilikuwa limelingana na tepu yangu. Wakakuambia ukatengeneze masikio. Ulirudi nyumbani ukakaa stoo, nami nikacheka mlangoni.

Na jina. Nilikupa mimi jina la Konokono. Ulikuwa unaanza solo ile, unafika katikati, yule mtu wa santuri anakuacha, unarudi mwanzo, na mimi nipo jikoni nasema Konokono leo amefika wapi. Majirani wakalidaka. Mpaka leo Mama akikupigia simu husema Konokono hajambo. Miaka miwili, mchana ukitoka shule hadi unapoitwa kula, vidole vimepasuka, na mimi mwenye akili ya mashine nimekaa hatua sita kutoka hapo, nakudharau kwa kutoweza kufanya jambo ambalo hata mwenyewe aliyelirekodi hakuwahi kulifanya.

Nyani haoni kundule. Nimeisema methali hiyo mara ngapi kuhusu watu wengine, tena kwa raha.

Nimemcheka Mwenyekiti kwa zipu yake, lakini Mwenyekiti hajawahi kumfanya mtu aache kitu alichokipenda. Daktari wa meno na jaketi lake hamdhuru mtu, tukiacha masikio yetu. Katika kundi lile lote la wajinga, mjinga mwenye madhara ni mmoja, na ndiye aliyekuwa akiwachambua wenzake.

Nilimweleza Mama palepale mezani, kwa sauti ya juu, mara mbili. Alitoa jiwe kwenye maharage akaliweka pembeni. Halafu akasema, "Mimi unaniambia ya nini? Kamwambie mwenye vidole." Akaendelea kupembua maharage yake.

Kuna jambo moja zaidi, na hili ndilo lililokuwa likiziwasha jikoni zile kurasa nne.

Chini ya gramafoni, ndani ya kasha lake, kulikuwa na kaseti. Mwandiko ni wako, neno moja: NIMEWEZA. Sikujua kama ulijirekodi. Nikaipeleka karakana, nikapima kwanza mashine ya kaseti kwa mkanda wangu wa kupimia, maana sasa siamini tena mkono wangu, halafu nikasikiliza. Ile redio ya kaseti uliyorekodia sikuwahi kuigusa, kwa hiyo ilikuwa nzima.

Ni wewe peke yako, bila santuri. Unaanza, na hufiki katikati ukarudi. Unapita. Unaimaliza solo yote, pale pagumu pa mwisho ambapo vidole vinapanda juu na kushuka, bila kujikwaa, kila noti imesimama. Nimepima kwa saa. Yule mtu maarufu, kwa mwendo wake wa kweli, anatumia sekunde tisini na nne. Wewe unatumia themanini na nne. Uliipata ile mashine, mdogo wangu. Ulimfikia mtu ambaye hakuwepo.

Halafu unasikika unapumua. Kiti kinalia. Unacheka kidogo, peke yako, kicheko ambacho sijawahi kukusikia nacho, si wakati ule wala baadaye. Na kabla kicheko hakijaisha, mlango unafunguliwa, na sauti ya msichana inasema, "We Konokono, bado tu? Hebu toka huko, kuna magunia ya kupanga." Kisha anacheka yeye.

Hukujibu. Nimeirudia mara nyingi nikitafuta kama ulisema neno lolote, kama ulijaribu kuniambia. Kuna sauti ya gita likiegemezwa ukutani, nyayo zako, na kaseti inaendelea kuzunguka tupu mpaka mwisho wa upande. Sikumbuki siku ile. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine, kwamba kwangu ilikuwa siku ya magunia tu. Mwezi uliofuata ulimpa jirani lile gita, na mwaka ule ukaondoka.

Basi hili ndilo jibu la swali lako. Mnunulie mtoto gita. Si kwa majaribio, wala si la kuchezea. Mnunulie zuri, aende nalo kwa mwalimu wake. Kwetu vidole vipo. Vilikuwepo siku zote, na amevirithi kwa baba yake. Kilichokosekana ni dada mwenye masikio, kwa hiyo neno langu juu ya muziki usilifuate tena, hata hili ungelipima kwanza.

Sikuombi unisamehe kwenye barua ijayo. Ukifanya haraka nitajua umefanya kwa tabia yako ya kubebea watu mizigo, na mgongo wako hauruhusu. Nimekukosea, nalisema bila mzaha, na naumia. Chukua muda wako.

Nisalimie wifi yangu, umwambie zile dawa za kifua azimalize hata akijisikia nafuu. Wasalimie wenzako wa ghalani, hasa yule mpishi aliyekutunza ulipougua. Mama anakusalimu, nimemkataza lile jina, akasema atajaribu. Shemeji yako pia anakusalimu, alipoulizwa. Mungu akulinde, akupe afya na usingizi mzuri, na amtangulie binti yetu katika kila analoligusa.

Kaseti sikutumii wewe, maana utaificha. Iko kwenye boksi linalokuja pamoja na barua hii, kwa jina la binti, na mashine ya kuichezea imo humo humo; nimeipima mwendo mara nne, na shemeji yako nimemkalisha na saa naye akapima. Mwache asikilize mwenyewe, mlango ukiwa umefungwa. Ile sauti ya mwishoni ningeweza kuifuta, kwa fundi ni kazi ya dakika mbili. Nilishika kitufe. Nikaiacha, ili akikuuliza huyo msichana ni nani, umwambie.

Dada yako anayekupenda, na ambaye alichelewa kusikia,

Fundi